Gari Lililojengwa kwa Ajili ya Dereva

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Jumatatu, magari mawili yalishushwa kutoka kwenye lori mbele ya Ikulu na kuegeshwa sambamba juu ya zulia jekundu. Kila moja lilikuwa na milango miwili tu. Hakuna aliyelitilia maanani jambo hilo kwa wakati ule, kwa kuwa wote waliokuwepo walikuwa wakipiga makofi.

Magari hayo yalikuwa zawadi. Kampuni moja ya kigeni ilikuwa imepewa mlima, na baada ya kukuta ndani yake madini mengi kuliko yaliyotajwa kwenye mkataba, ikaona ni ustaarabu kushukuru. Ilileta magari mawili ili Mtukufu Kiongozi Mkuu achague moja. Wanafunzi walitolewa madarasani kuja kushangilia, wakaagizwa wayashangilie yote mawili kwa sauti ileile, wasije wakaonekana wanaingilia maamuzi ya Dola.

La kwanza lilikuwa gari la mbio: jekundu, dogo, limelala chini kiasi kwamba paa lake lilimfikia askari wa gwaride kiunoni. Viti vyake vilikuwa viwili, vigumu, na gia yake ilikuwa ya mkono. Lilipowashwa, vioo vya Ikulu vilitetemeka. La pili lilikuwa gari la starehe: refu, la rangi ya maziwa, kimya hata likiwa limewashwa. Viti vyake vya ngozi vilikanda mgongo wa aliyekaa, dashibodi yake ilikuwa ya mbao iliyong'arishwa, na kati ya viti vya mbele palikuwa na jokofu dogo la kutosha chupa mbili. Lilikuwa na kiti cha nyuma pia, ingawa waliolitengeneza walikusudia kiti hicho kiwekewe mikoba.

Dereva wa Mtukufu, Sajini Kasian Likungwa, aliyatazama yote mawili kwa makini kuliko mtu yeyote pale. Alikuwa na sababu. Umri wake wa kustaafu ulikuwa umepita, nyumba yake kijijini ilikuwa imeshaezekwa, na mkewe Demetria alikuwa amefunga godoro kwa kamba tayari kwa safari. Lakini kwa utaratibu wa nchi ile, dereva wa Mtukufu hastaafu mpaka akabidhi funguo za gari lililoko kazini kwa anayemrithi, na gari la zamani lilikuwa limekufa katikati ya barabara wakati Mtukufu akienda kuizindua barabara hiyohiyo. Bila gari hapakuwa na funguo, na bila funguo hapakuwa na makabidhiano. Sajini Likungwa alihitaji jambo moja tu kwa Serikali yake: ichague gari, lolote lile, ili yeye aende nyumbani.

*

Ili msomaji wa nchi nyingine aelewe ugumu uliofuata, inafaa aelezwe Sheria ya Viti. Mtukufu aliiandika mwenyewe katika miaka yake ya mwanzo madarakani, wakati alipokuwa bado anaandika, na watoto huikariri tangu darasa la kwanza. Ina vifungu viwili. Anayeendeshwa ni mkubwa kuliko anayeendesha. Anayekaa nyuma ni mkubwa kuliko anayekaa mbele.

Matokeo yake yamekuwa mazuri. Msafara ukipita, wananchi hawapotezi muda kutafuta sura ya mtu. Wanatafuta kiti, wanainama. Ndani ya ndege ya Taifa, Mtukufu hukaa mkiani kabisa, jirani na choo, na mawaziri hupangwa mbele yake kwa kushuka vyeo hadi kwa rubani, ambaye ndiye mtu mdogo kuliko wote na hasalimiwi. Magari ya wagonjwa yalileta utata kwa muda, kwa sababu mgonjwa hulala nyuma na huendeshwa. Utata huo uliondolewa kwa kuyagawa magari hayo kwa manaibu waziri. Vilevile mwanamke aliyepakiwa nyuma ya baiskeli alikuwa mkubwa wa mumewe, hadi ulipotolewa waraka ukiwaagiza wanawake watembee. Kwa mujibu wa kura ya maoni iliyopigwa na Wizara kwa niaba ya wananchi, wananchi wanaipenda sheria hii.

*

Kamati ya Kitaifa ya Uchambuzi wa Magari Mawili iliundwa siku hiyohiyo. Mwenyekiti wake alikuwa Waziri wa Itifaki na Viti, Mheshimiwa Rukonge, mtu mnene na mwenye adabu. Katibu wake alikuwa Mwanasheria Mkuu, Bi. Nyendo, ambaye ndiye peke yake kati yao aliyevaa miwani kwa ajili ya kusomea.

Walianza na gari jekundu. Bi. Nyendo alifungua kijitabu kilichokuja nalo.

"Soma," Rukonge alisema.

"'Gari hili limejengwa kwa ajili ya dereva. Kila kitu ndani yake kimeelekezwa kwa dereva. Dereva ndiye kiini.'"

Rukonge aliinua kidole.

"Rudia hapo."

"'Dereva ndiye kiini.'"

"Yaani watu wazima," Rukonge alisema polepole, "wenye digrii zao, wamekaa kiwandani wakakuna vichwa, wakatoka na gari la kumtukuza dereva?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Mheshimiwa."

"Na bosi?"

"Bosi hakutajwa."

"Hata kwenye maandishi madogo?"

"Maandishi madogo yanahusu upepo wa matairi."

Waziri wa Usalama, aliyekuwa amekaa mwisho wa meza, aliomba iingizwe kwenye kumbukumbu kwamba mapinduzi mengi huanza hivihivi, kwa sentensi fupi.

Jambo lingeishia hapo na gari la starehe lingechukuliwa kabla ya chakula cha mchana, kama isingekuwa kwa taarifa moja ya siri. Askari wa zamu alikuwa ameripoti kwamba jekundu lilipowashwa, Mtukufu alitabasamu. Katika nchi ile Mtukufu hataki kitu. Hushauriwa. Kazi ya mshauri ni kufahamu kile ambacho Mtukufu angekitaka kama angekuwa mtu wa kutaka, kisha kumshauri hicho. Tabasamu lile lilikuwa ushahidi pekee uliopatikana, na liliwekwa chini ya ulinzi wa wajumbe wote.

"Liwe fupi au refu," aliuliza Waziri wa Usalama, "tabasamu lenyewe lilikuwaje?"

"Askari anasema meno yalionekana," alijibu Bi. Nyendo.

*

Kwa kuwa haki ilipaswa kuonekana inatendeka, gari la starehe nalo lilifanyiwa majaribio. Ili mtu akae kiti cha nyuma ilibidi kiti cha mbele kikunjwe, kisha mtu huyo ajikunje na kupenya katikati. Mheshimiwa Rukonge, ambaye umbo lake lilikaribiana na la Mtukufu kuliko la mjumbe mwingine yeyote, alijitolea. Sajini Likungwa aliitwa kushika mlango.

Rukonge aliingiza kichwa, akaingiza bega, akaishia hapo.

"Endelea, Mheshimiwa," alisema Kasian.

"Naendelea wapi? Sioni mbele!"

"Toa pumzi yote nje."

"Nikitoa pumzi nitakufa, Likungwa!"

"Hufi, Mheshimiwa. Unapungua."

"Nani anacheka huko nyuma?"

Hakuna aliyekiri kucheka. Bi. Nyendo, akiwa amesimama nje, aliandika jambo ambalo aliyekuwa ndani hakuweza kuliona: kwamba katika gari hili, sehemu ya mwisho ya Mtukufu kuonekana na wananchi kabla ya kila safari ingekuwa ile ambayo hakuna picha rasmi inayoionyesha. Walimtoa Rukonge kwa kufungua nati nne na kukiondoa kiti cha mbele. Kiti hicho kilipoondolewa, mlango ulibaki na nafasi ya kupitisha hata kabati. Kisha kiti kilirudishwa mahali pake, kwa sababu kilikuwa mali ya Serikali.

Siku iliyofuata Kasian aliagizwa ayaendeshe magari yote mawili kwenye Barabara ya Taifa, ambayo ndiyo yenye lami. Inatoka Ikulu hadi uwanja wa ndege na ina kona moja tu, iliyowekwa ili kulikwepa shamba la mama mkwe wa Mtukufu. Aliporudi aliketishwa mbele ya Kamati.

Asubuhi hiyo Demetria alikuwa amemwambia, "Baba Skola, wakikuuliza, taja lolote. Taja la karibu na mlango. Tunataka kuondoka, hatutaki gari."

Angemsikiliza mkewe. Lakini alikuwa ameendesha magari ya watu maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumuuliza ameonaje.

"Lile jeupe ni kitanda, waheshimiwa," alisema. "Ni zuri, sikatai. Unakanyaga mafuta, linakwenda kama lina usingizi, hujui uko barabarani au uko sebuleni. Lakini lile jekundu!" Hapo alisogea mbele kwenye kiti. "Lile ukilishika usukani, unaisikia barabara mpaka kwenye vidole. Kokoto ikiwa moja, unaijua. Kwenye kona halibishi. Unaliwazia tu, limeshageuka."

"Unaliwazia," Rukonge alirudia.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Ulifurahi?"

Kasian aliona nyuso zao, akarudi nyuma kwenye kiti. "Nilitekeleza agizo, Mheshimiwa."

Furaha ya dereva iliandikwa upande mmoja wa karatasi na tabasamu la Mtukufu upande wa pili. Baada ya majadiliano marefu Kamati iliamua kwamba tabasamu lina cheo kikubwa zaidi. Mtukufu alishauriwa achukue jekundu. Alishangaa sana, akakubali. Jeupe lilibaki mikononi mwa Kamati kwa uchambuzi zaidi, na tangu hapo vikao vilifanyika ndani yake, wajumbe wakipokezana viti vinavyokanda mgongo.

*

Bi. Nyendo ndiye aliyegundua tatizo, gwaride la kulionyesha gari kwa wananchi likiwa limeshatangazwa redioni.

"Viti ni viwili," alisema. "Vyote viko mbele. Likungwa akiendesha na Mtukufu akakaa pembeni yake, watakuwa safu moja."

"Kwa hiyo?" Rukonge aliuliza.

"Kwa kifungu cha kwanza ni mkubwa; lakini kwa cha pili, walio safu moja ni sawa."

"Sawa na nani?"

"Sawa na Likungwa."

Habari hizo zilipelekwa kwa Mtukufu na mjumbe aliyechaguliwa kwa kura. Mtukufu alifikiri, kisha akatamka maneno ambayo yalichapishwa kesho yake kwa wino wa dhahabu: "Nitaendesha mwenyewe."

Taifa lilishangilia kwanza. Kamati ilifikiri baadaye. Mtukufu akiendesha, basi anayekaa kushoto kwake ataendeshwa, na anayeendeshwa ni mkubwa. Kiti kuachwa kitupu hakukuwezekana, kwani Mtukufu alishika usukani mara ya mwisho akiwa kijana asiye na cheo, na ilibidi pawe na mtu wa kumkumbusha klachi. Kuibadili sheria hakukuwezekana pia. Mwandishi wake alikuwa Mtukufu, na maandishi ya Mtukufu, kwa mujibu wa maandishi ya Mtukufu, hayana kosa.

Bi. Nyendo alivua miwani akaifuta. "Sheria inasema 'anayeendeshwa'. Maana yake ni mtu. Kitu hakiendeshwi, kinabebwa. Kwa hiyo tunachohitaji pale kushoto ni kitu."

"Kitu kinachoijua klachi," alisema Rukonge.

"Gari limekuja bila tairi la akiba," alisema Bi. Nyendo.

Sajini Likungwa aliitwa uani. Rukonge alimsomea tamko akiwa amesimama, naye Kasian akiwa amesimama, mpaka Bi. Nyendo alipokumbusha kwamba tairi la akiba halisimami, huegemezwa. Kasian aliegemea ukuta.

"Kuanzia leo wewe ni tairi la akiba la gari la Mtukufu, pamoja na haki na wajibu wote wa tairi. Una swali?"

"Kwa muda gani, Mheshimiwa?"

"Tairi haliulizi muda."

"Na kustaafu kwangu? Nilitakiwa nikabidhi funguo."

Waheshimiwa walitazamana. Ilikuwa dhahiri kwamba walikuwa wamelisahau jambo hilo, na kwamba hawakuona vibaya kulisahau.

"Gwaride likiisha tutakurudisha kuwa mtu," alisema Bi. Nyendo, si kwa ukali.

"Kwa utaratibu gani, mama?"

"Utatungwa."

Fundi alimfunga kiunoni kibati chenye namba ileile iliyochongwa kwenye injini.

*

Jioni Demetria alikiona kibati kabla hajaona uso wa mumewe.

"Hiki nini tena?"

Alimweleza. Demetria alikaa juu ya godoro lililofungwa, akacheka hadi akajishika mbavu.

"Yesu wangu! Miaka yote nimelala na tairi, na mama yangu akasema nimeolewa!"

"La gari jekundu lakini, Mama Skola. Siyo la trekta."

"Na ukipata pancha?"

"Utaziba wewe."

"Mimi? Nitawatupia watoto wakubingirishe mtaani." Akacheka tena, kisha kicheko kikaisha chenyewe. "Baba Skola, watakurudisha kweli?"

"Wamesema utaratibu utatungwa."

"Nani atautunga?"

"Kamati."

Demetria alisimama akaipima kamba ya godoro kwa kidole. "Nilifungue tulalie, au niliache hivihivi?"

"Liache," alisema Kasian. "Ni baada ya gwaride tu."

Walilala kwenye mkeka.

*

Siku ya gwaride wananchi walipangwa pande zote mbili za Barabara ya Taifa, wakubwa nyuma na wadogo mbele. Wanafunzi waliwekwa kwenye kona, ambako pana kivuli. Ndani ya gari kilifungwa kipaza sauti ili hotuba ya Mtukufu isikike redioni moja kwa moja akiwa safarini, jambo ambalo halijawahi kufanywa na kiongozi wa nchi yoyote jirani.

Gari lilitoka langoni kwa kurukaruka. Lilizimika. Liliwashwa tena.

"Klachi, Mtukufu," alinong'ona Kasian. "Iachie taratibu."

"Nimeiachia!"

"Hiyo ni breki, Mtukufu."

Hapo ndipo wananchi walipofanya walichofundishwa tangu darasa la kwanza. Hawakutafuta sura. Waliangalia nani anaendesha, wakamwona; wakaangalia nani anaendeshwa, wakamwona; wakainama upande wa kushoto. Mstari mzima wa watu ulimwinamia Kasian Likungwa. Bendi ya jeshi iligeuza mabomba yake upande huo ikapiga wimbo wa Taifa. Kasian alitelemka kwenye kiti mpaka magoti yakagusa dashibodi, akajifunika uso kwa kofia. Watu walisema hawajawahi kuona mkubwa mwenye unyenyekevu kama ule, wakazidi kushangilia.

"Wanamwinamia nani?" Mtukufu aliuliza.

"Wewe, Mtukufu."

"Mbona wanatazama upande wako?"

"Jua, Mtukufu. Liko upande wako, wanalikwepa."

Mtukufu alitazama juu. Mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi. Alikanyaga mafuta hadi mwisho, na gari lililojengwa kwa ajili ya dereva likafanya kile lililojengewa. Miti ya pembeni ikaanza kupita upesi. Mbele ilionekana kona, na kwenye kona sare nyeupe za wanafunzi, wote wameinama, hakuna anayetazama barabara.

"Mtukufu, kona."

"Naiona!"

"Mtukufu, watoto."

Gari halikupunguza mwendo.

"Breki!" alipiga kelele Kasian Likungwa. "Kanyaga breki! Kanyaga!"

Mtukufu akakanyaga. Gari lilisota likiwa limekaa ubavu, likaigonga ngoma kubwa ya bendi ya shule, likasimama. Ngoma ilipasuka. Hakuna mtoto aliyeguswa.

Taifa zima lilikuwa limesikia redioni: sauti ya mtu ikimwamuru Mtukufu, bila cheo, bila tafadhali, na mara mlio wa matairi ukionyesha kwamba Mtukufu ametii.

*

Shitaka lilikuwa moja, kuitawala nchi kwa muda wa breki moja. Adhabu yake ni kunyongwa. Bi. Nyendo aliliendesha yeye mwenyewe. Hakukanusha kwamba watoto wamepona. Alieleza tu kwamba kupona kwao ni tunda la uhaini, na kwamba Serikali inatafakari namna ya kulishughulikia tunda hilo.

Kasian hakuwa na wakili. Alipoulizwa anajibuje shitaka, alishika kibati cha kiunoni kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa Jaji, mimi ni tairi."

Jaji, mzee aliyekuwa amefumba macho tangu asubuhi, aliyafumbua. "Unasema?"

"Tairi la akiba. Nilitangazwa uani, mbele ya Waziri wa Itifaki na Viti. Mama huyu alikuwepo. Wazo lilikuwa lake."

Jaji alimgeukia Bi. Nyendo. Kukana tamko la Serikali kungekuwa kosa. Kulikubali kulikuwa kushindwa kesi. Alichagua lile lisilo na kifungo.

"Ni kweli, Mheshimiwa Jaji."

"Na tamko hilo limefutwa?"

"Bado. Utaratibu wa kulifuta haujatungwa."

Jaji alitoa hukumu papo hapo, naye alionekana kufurahia kazi yake kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Alisema mahakama haina mamlaka juu ya sehemu za gari. Alisema tairi huweza kulia barabarani bila kutoa amri, na dereva huweza kukanyaga breki baada ya kusikia mlio huo bila kutawaliwa na mtu. Kizimbani hapakuwa na mtu. Shitaka lilitupwa.

Demetria alipiga kigelegele ambacho karani aliagizwa asikiandike. Alipita katikati ya viti, akamshika mumewe mkono. "Twende, Baba Skola. Twende kabla hawajafikiri."

Askari aliweka rungu kati yao. "Mama, acha hapo. Hiyo ni mali ya umma."

"Si ameachiwa? Hukusikia?"

"Ameachiwa nani? Jaji amesema hapakuwa na mtu."

"Basi mrudisheni awe mtu!"

"Akiwa mtu," alisema askari kwa upole, kwani naye alikuwa amewaza jambo hilo, "atanyongwa."

Demetria alimtazama mumewe. Kasian alitazama kibati. Kisha akautoa mkono wake mwenyewe kwenye mkono wa mkewe, akaenda kuegemea ukuta.

*

Mtukufu alishauriwa achukue gari jeupe. Fundi alifungua nati nne, akakiondoa kiti cha mbele cha kushoto, na Mtukufu akaingia nyuma akiwa wima, uso kwa wananchi. Kazi hiyo ilimalizika kabla chai haijapoa. Funguo zilikabidhiwa kwa dereva mpya na Mheshimiwa Rukonge, kwa kuwa tairi haliwezi kukabidhi.

Gari jekundu liliamriwa lifungiwe katika bohari la Serikali nje ya mji, pamoja na vifaa vyake vyote, ili kiti cha kushoto kisitazamwe tena na wananchi. Lilisukumwa, halikuwashwa. Mtunza bohari alilizunguka akihakiki kifaa kimoja kimoja. Alipofika kwa Kasian alisita.

"Hili tairi linawekwa wapi? Buti halitoshi."

"Kiti cha kushoto," alisema Rukonge.

"Chakula?"

"Umewahi kulisha tairi?"

Kasian aliingia akakaa. Demetria alikuwa nje ya uzio na sufuria ya wali iliyofungwa kwa kitambaa; mlinzi alikuwa amemwambia vifaa havipokei wageni. Milango ya bohari ilifungwa, kufuli likatiwa, na Rukonge akabandika lakiri kwa mkono wake.

"Baba Skola!" Demetria aliita.

Ndani ya bohari honi ililia.

"Baba Skola, unanisikia?"

Honi ililia tena, ndefu zaidi.

Mtunza bohari alisema huenda ni waya umegusana. Rukonge alikubaliana naye, akaagiza hitilafu hiyo irekebishwe kabla ya giza. Saa kumi na mbili kasorobo jioni lakiri ilivunjwa, fundi akaingia, akatoka amebeba betri, na lakiri mpya ikabandikwa.